Mkemia wa Industrial Area naye aalikwe

Hivi majuzi chuo kimoja hapa Nairobi kiliwaita wahitimu wake wa kemia warudi kuzungumza na wanafunzi kuhusu utafiti na kazi zao. Wazungumzaji wote walikuwa watu waliofanyia uzamivu ng'ambo na kubaki huko. Wanastahili heshima, siwanyimi. Lakini vijana walitoka ukumbini wakiamini kwamba kemia hufanywa Ujerumani na Marekani, na kwamba aliyebaki hapa ni yule aliyekosa viza.

Wazo hilo linaniuma kwa sababu watu wa kulikanusha walikuwa wameketi safu za nyuma. Mmoja ni dada niliyesoma naye, ambaye siku hizi anapima aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, kwenye mahindi katika maabara ya Industrial Area. Hakuna aliyempa kipaza sauti.

Baadaye, pale koridoni, wanafunzi wawili walimuuliza anafanya kazi gani. Muda si muda duara likajaa. Aliwaambia mashine ndiyo sehemu rahisi; kazi yenyewe ni sampuli. Lori likifika na magunia, sumu haijaenea sawasawa humo. Punje chache zenye ukungu zaweza kubeba karibu sumu yote, na gunia la pembeni likawa safi. Basi unachoma bambo, kile chuma cha kuchomolea punje guniani, gunia hili juu, lile katikati, jingine chini. Unachanganya, unasaga yote, unachanganya tena, ndipo uchote gramu chache za kupima. Ukichota konzi moja tu kwenye gunia la mlangoni, mashine ya mamilioni itakupa jibu maridadi, na la uongo. Kikomo chetu ni sehemu 10 kwa bilioni, kwa hiyo hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Kijana mmoja akauliza, "Na mwenye lori akikataa matokeo, dada?" Akajibiwa kwamba ndiyo maana sehemu ya sampuli ileile hutiwa muhuri na kuwekwa, ili mwingine aipime upya.

Hayo sikufundishwa darasani. Sisi tulikuta sampuli iko mezani, ndani ya chupa yenye kibandiko. Na hii ni nchi iliyozika watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi yenye aflatoksini, wengi wao wa Makueni na Kitui. Anayesimama kati ya lori kama lile na sufuria ya ugali si mtu wa kuketishwa nyuma.

Na si mahindi peke yake. Kuna floridi katika maji ya Bonde la Ufa, inayowatia watoto meno ya kahawia. Kuna methanoli kwenye pombe haramu, inayopofusha na kuua. Kuna magadi ya Ziwa Magadi, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa, ambayo hutumika kutengenezea kioo. Wanaoshughulika na mambo haya kila siku wanapanda matatu zilezile wanazopanda wanafunzi.

Haya, wa ng'ambo nao wana kazi yao. Bila wao kijana hamjui profesa yeyote wa kumwandikia, na ufadhili mwingi hupatikana kwa njia hiyo. Waje, ila wasichukue asubuhi nzima.

Halafu mshahara. Binti mmoja aliuliza anayeanza kazi maabara analipwa kiasi gani, akaambiwa atangulize mapenzi ya sayansi. Mzazi wake huenda aliuza ng'ombe ili alipe karo. Ana haki ya kujibiwa kwa shilingi.

Kwa hiyo waandaaji, mwakani punguzeni hotuba. Wapeni wakemia wa viwandani, wa KEBS (shirika la viwango), wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) na wa Mkemia Mkuu wa Serikali alasiri moja ndani ya maabara, na wanafunzi wa mwaka wa tatu, kabla hawajatoka kwenda mafunzo ya kazini. Wekeni magunia machache ya mahindi na bambo, kisha kila mwanafunzi achukue sampuli yake mwenyewe na kuitetea mbele ya wenzake.