Nzi jambazi: picha yatosha kumpa jina ama lazima achomwe pini?

Juzi nilikuwa Mtongwe, Mombasa, kwa bibi, nimekaa barazani nangoja chai, nikaona kitu cheusi kimetua juu ya kijiti kikavu cha mwarobaini. Mwanzo nikadhani ni yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao, maana pale kwa bibi boriti zimeliwa mpaka unga unamwagikia watu kwa vikombe. Lakini nyuki yule hana utulivu, na huyu alikuwa ametulia kama askari wa geti, kichwa tu ndo kinageuka. Mara akaruka, hata sijapepesa jicho karudi palepale kwa kijiti chake na nyuki wa asali kamkumbatia, kamdunga nyuma ya shingo, na yule nyuki wala hakufurukuta. Nikatoa simu nikapiga picha kumi na moja, zilizotoka ni tatu.

Huyo ndo nzi jambazi, familia ya Asilidae, duniani wameshapewa majina spishi zaidi ya 7,000 na bado kila mwaka zinaongezwa nyingine, Afrika ikiwemo. Ukimtazama usoni ana sharubu ngumu kama brashi, zinamkinga macho asiumizwe na mdudu anayepambana naye, na katikati ya macho kichwa kimebonyea kama kimekandamizwa kwa kidole gumba. Mdomo ni sindano, anaingiza mate yenye sumu, yule aliyekamatwa anapooza na nyama za ndani zinayeyuka, halafu jamaa anamnyonya taratibu kama mtu na dafu lake pale ufukweni Mamangina.

Nikazituma zile picha kwa grupu ya familia. Binamu yangu akajibu hapo hapo, "Hiyo mpya hiyo, ipe jina lako tuwe maarufu." (Kujipa jina lako mwenyewe hakuna sheria inayokataza, ila ni aibu, wenyewe wanacheka.) Yeye alikuwa anafanya mzaha lakini kumbe kagusa jambo ambalo wataalamu wa wadudu wametoleana macho juu yake: je, yawezekana kumtangaza mdudu kuwa ni spishi mpya kwa picha peke yake, bila mwili wake kuwekwa popote?

Maana desturi ni hii. Ukitaka kutaja spishi mpya unachagua mdudu mmoja anayeitwa holotaipu, huyo ndo anabeba jina milele. Anachomwa pini, chini yake kinatundikwa kikaratasi kidogo cha mahali, tarehe na jina la aliyemkamata, na kingine aghalabu chekundu cha kusema huyu ndo mwenyewe, basi anafungiwa kwa droo ya makumbusho. Kesho mtu akibisha anaambiwa njoo umtazame.

Mwaka 2015 wataalamu wawili wa nzi, Stephen Marshall na Neal Evenhuis, wakavunja desturi hiyo kwenye jarida la ZooKeys. Walimtaja nzi wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, si nzi jambazi hasa bali jamaa yake wa karibu kwenye familia ya Bombyliidae, na yeye pia anajifananisha na nyuki wa mbao. Alipigwa picha huko Ndumo, KwaZulu-Natal, na mwili haukupatikana. Wakasema picha zinatosha, nzi mwenyewe hafanani na mwingine yeyote. Moto ukawaka. Mwaka uliofuata karibu wataalamu 500 wakatia saini barua moja ya kupinga, kwamba taksonomia (yaani kazi ya kupanga na kutaja viumbe) ya picha haitoshi na italeta madhara.

Kisheria Marshall na mwenzake hawakukosea. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, toleo linalotumika tangu 1 Januari 2000, zinasema ukichapisha picha ya holotaipu basi holotaipu ni yule mnyama aliye kwenye picha, sio ile karatasi, hata kama mnyama mwenyewe hayupo tena. Yaani mlango ulikuwa wazi siku zote. Mwaka 2017 tume inayosimamia kanuni haikuufunga, ikashauri tu kwamba asiyehifadhi mwili aeleze kwa kina kwa nini.

Na wanaotetea picha wana mfano mzito kutoka kwa jirani zetu hapa. Kipunji, yule kima wa Tanzania kule Rungwe na Udzungwa, alitangazwa 2005 kwa picha, kwa sababu nani atampiga risasi kima adimu hivyo ili tu apate jina? Hapo mimi sina ubishi kabisa. Lakini angalia kilichofuata. Akapatikana kipunji mchanga amekufa kwenye mtego wa mkulima, wakapima fuvu na DNA, kumbe si mangabe (kima wa kundi jingine) kama walivyodhani, yuko karibu zaidi na nyani, na 2006 akahamishiwa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya kwake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima Afrika baada ya miaka 83. Picha ilimpa jina, sawa, na jina la kipunji limebaki, lakini ukoo wake ulisubiri mwili.

Sasa kima ni kima, rudi kwa nzi. Niliposimulia haya kwa mzee mmoja jirani ya bibi, mvuvi wa zamani, akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Mwanangu, mimi samaki namjua akingali majini, kwa pezi tu. Nyinyi mpaka mumuue ndipo mumjue?" Nikamwambia mzee wangu, hebu niambie pono. Pono wa kike ana rangi yake na wa kiume ana nyingine kabisa, na wataalamu wa zamani waliwapa majina mbalimbali wakidhani ni samaki wawili. Akacheka, akasema, "Hapo kweli, pono huhadaa."

Na nzi jambazi huhadaa kushinda pono. Kuna jenasi nzima ambazo spishi zake kwa nje ni mapacha, rangi ile ile, sharubu zile zile, na tofauti iko kwenye sehemu za uzazi za dume. Anayewachambua anakata ncha ya tumbo, anaichemsha kwenye dawa kali ya potasi mpaka nyama iondoke ibaki ganda, anaigeuzageuza chini ya hadubini na kuichora, akimaliza anaitia kwenye kichupa kidogo mno cha gliserini na kukitundika kwenye pini ile ile ya mwenye mali. Jason Londt wa makumbusho ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ametaja mamia ya nzi jambazi wa Afrika, na michoro ya sehemu hizo ndo uti wa mgongo wa kazi ile. Nieleze simu gani itapiga picha ya kitu hicho nzi akiwa kwa mwarobaini.

Hoja ya huruma, kwamba ni dhambi kuua mdudu kwa sababu ya jina, wallahi hiyo napita nayo mbio. Shamba moja likipigwa dawa asubuhi wanakufa wengi kuliko waliochomwa pini na mtu mmoja maisha yake yote.

Hoja inayonikaba koo ni ya vibali na umbali. Wa upande wa picha wanasema kukusanya kumekuwa shida, na ni kweli, hapa Kenya utafiti unataka leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kuchukua na kutoa mali ya viumbe nje kunataka kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira), na juu yake kuna Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za mali hiyo, ya 2010 iliyoanza kazi 2014. Mtu anaona bora apige picha aende zake. Lakini makaratasi hayo hayakuanguka kutoka mbinguni, yamekuja kwa sababu wadudu wetu walibebwa miaka na miaka bila hodi, holotaipu nyingi za Afrika Mashariki ziko London na Berlin, na mtu wa Likoni akitaka kulinganisha nzi wa nyumbani kwao anaanza na kutafuta viza. Picha angalau inafika kwa kila mwenye bando.

Hapo ndo nashindwa kuwa na upande mmoja. Wanaosema mwili ni lazima wananyamaza wakiulizwa mwili ukae wapi, na wanaosema picha yatosha hawana jibu ukiwauliza kesho tutapima DNA ya nini, ya pikseli? Na mwili wenyewe si wa milele, kule Rio, Brazil, makumbusho yalipoungua Septemba 2018 mamilioni ya wadudu walikwenda na moto kwa usiku mmoja. Mimi kwa nzi jambazi nasimama na pini, kwa kima nasimama na picha, lakini pini hiyo ikae Makumbusho ya Taifa Nairobi, na zile za London na Berlin zipigwe picha kila upande ziwekwe bure mtandaoni. Picha ya mwenye jina aliyelala kwenye droo inanisaidia kuliko picha ya aliyeruka akapotea.

Na yule wangu wa Mtongwe? Nilidhani labda ni Hyperechia, hao ni nzi jambazi wanaojifananisha na nyuki wa mbao hadi vinyweleo vya miguu, na buu wao huishi ndani ya matundu ya nyuki hao na kula watoto wao. Lakini katika picha zangu tatu moja mguu una ukungu, moja kipapasio kimefichwa na bawa la nyuki, ya tatu ni kijiti zaidi kuliko nzi. Nikamweleza bibi hivyo, akashika lile moja tu.

"Anakula wana wa hawa wanaonitoboa boriti?"

"Kama ni yeye, ndiyo bibi. Ila bila kumshika siwezi kujua."

"Basi wewe kaa usijue," akasema, "mwache afanye kazi."