Athletic Bilbao sio wabaguzi, acheni hizo

Jana usiku kwenye grupu letu la mpira mtu kaandika tena kwamba Athletic Bilbao ya Hispania ni klabu ya kibaguzi, eti kuchezesha Wabasque tu, yaani watu wa kaskazini mwa Hispania, ni sawa na kufukuza wageni, na watu wakamuunga mkono. Jamani hili neno limeniuma.

Hebu mchukulieni mshambuliaji wao Iñaki Williams. Wazazi wake ni Waghana, walikatiza Sahara kwa miguu, baba yake mchanga wa moto ukamuunguza nyayo. Walivyofika Bilbao kuna padri akawapokea, na mtoto alipozaliwa wakampa jina la huyo padri, na jezi yake ya kwanza ya Athletic aliyemletea ni padri huyo huyo. Mtoto huyo ndio kaja kucheza mechi 251 za La Liga, ligi kuu ya Hispania, mfululizo, kuanzia 2016 mpaka 2023, hakosi hata moja! Mdogo wake Nico kazaliwa Pamplona, naye yuko hapo hapo Athletic. Kanuni yao inataka uwe umezaliwa eneo la Wabasque, na Pamplona imo, au umekulia kisoka huko, basi, wala haiulizi babu yako katoka wapi.

Haya, kuna moja siwezi kulificha. Klabu ni ya 1898, na mchezaji wa kwanza mweusi, Jonás Ramalho, kacheza 2011. Wamechelewa sana, na anayelisema hilo simbishii. Na ni kweli wanawachukulia majirani zao, klabu ya Osasuna, vijana wao, hilo nalo sio zuri.

Ila mimi ninachokipenda ni kwamba ukishajifungia mlango wa kununua wachezaji wa kokote inabidi uwaangalie watoto wako vizuri. Mwaka 2018 Chelsea walitoa euro milioni 80 kumchukua kipa Kepa, sasa klabu nyingine hela kama hiyo ingeishia kwa mawakala ndani ya dirisha moja la usajili, wao wakamshusha golini Unai Simón, kijana wao waliyemlea wenyewe pale Lezama, kwenye kituo chao cha kulea vijana, na leo ni kipa wa timu ya taifa ya Hispania. Straika akiumia kocha anageukia timu ya vijana, hana sehemu nyingi za kwenda. Na kwa staili hiyo hawajashuka daraja tangu ligi ianze 1929, wako wao, Real Madrid na Barcelona tu. Real Sociedad, klabu nyingine ya Wabasque, walikuwa na utaratibu huo huo, wakauacha 1989 walipomleta John Aldridge, straika wa Ireland.

Aprili 2024 Athletic wakachukua Copa del Rey, Kombe la Mfalme la Hispania, kwa matuta mbele ya Mallorca, miaka 40 baada ya lile la 1984. Penalti ya mwisho ya mchezaji wao Berenguer ilivyoingia nilisimama nikapiga kelele peke yangu sebuleni. Siku chache baadaye wakaitoa Gabarra, ile boti yao ya ubingwa, mto umejaa vyombo vidogo vidogo, kingo zote mbili watu wamevaa nyekundu na nyeupe, na juu ya boti yuko Iñaki na mdogo wake wanashangilia, mji mzima unawaita kwa majina.