Taa Zina Mtoto wa Jicho, Wewe Unazipigisha Mswaki

Hapa Tanga ukiegesha gari lenye taa za mbele zilizofifia, hasa mitaa ya Ngamiani, utapata waganga tele. Huyu anashika dawa ya meno, yule dawa ya mbu ya kupaka, mwingine kaja na kitambaa cha mafuta ya taa. Wote mabingwa! Uliza nani ana msasa, kila mtu anatazama baharini.

Jamani, kinachoitwa kioo cha taa si kioo. Ni plastiki, polikaboneti, na kiwandani ilipakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na miale ya jua. Ngozi ile ndiyo inayochoka, inapasukapasuka, kisha plastiki chini yake inageuka njano. Ndiyo maana sehemu ya juu ya taa huanza kufa kwanza, maana ndiyo inayokodoleana macho na jua. Halafu mtu mzima anakwambia ni vumbi. Vumbi gani hilo lisilojua sabuni?

Dawa ya meno inakwaruza kidogo, njano ya juujuu inatoka, unalipa, unashukuru. Mng'ao wenyewe waja leo waondoka leo. Dawa ya mbu ndiyo balaa: ile yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, inayeyusha uso wa plastiki, unaona imetakata kumbe imelainika. Baadaye inanata, inadaka mchanga, na tone likiangukia bodi, rangi nayo inaharibika.

Kazi yenyewe haina uchawi. Osha taa, zungushia tepu ya karatasi safu mbili, maana msasa haujui boneti ni la nani. Loweka msasa wa maji kwenye ndoo yenye matone ya sabuni. Njano iliyokolea anza na namba 800, ya wastani 1000; namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Sugua kwa mlalo, maji yakitiririka utaona yana njano. Hiyo ndiyo ngozi ya zamani inaaga. Endelea mpaka yatoke meupe matupu. Kisha 1500 kwa wima, 2000 tena kwa mlalo, ili mikwaruzo ya namba iliyotangulia ikibaki uione. Anayeruka kutoka 800 mpaka 2000 kwa haraka zake, mistari itamsubiri usiku akiwasha taa.

Katikati ya kazi taa inakuwa nyeupe pee, mbaya kuliko ilivyokuja. Hapo ndipo mwenye gari anapomshika fundi shati. Mwache! Imwagie maji uone, inapitisha mwanga.

Sasa kinachoniudhi kupita vyote: fundi anapiga polishi, taa inawaka, anapokea hela, anafunga mkoba. Klia, ile rangi angavu ya kuikinga plastiki, hakuna! Umeshaivua plastiki ngozi yake, unaiachia jua la Tanga uchi, halafu miezi michache njano ikirudi unalaumu gari la Kijapani.

Ukitaka kupulizia klia ya hadna, yaani inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, ishia 2000 wala usipige polishi. Klia inataka pa kushika, na mikwaruzo midogo inaijaza yenyewe. Futa kwa spiriti, usifute kwa thina. Thina inaipasua polikaboneti nyufa kama utando wa buibui. Hadna changanya kama kopo linavyosema, si kwa jicho. Pulizia tabaka mbili au tatu nyembamba, kivulini, saa nne asubuhi hivi, unyevu wa bahari ukishapungua, la sivyo klia inaganda na weupe wa maziwa. Na ule mvuke unadhuru mapafu, vaa barakoa ya fundi rangi yenye vichujio. Leso ya kujifunga puani ni ya harusini.

Wapo pia wasiotaka msasa wala klia, wao dawa yao ni balbu. Taa imeandikwa H4, yaani aina ya balbu, wati 60 kwa taa kali na 55 kwa taa ya chini, mtu anachomeka ya 100. Joto linachoma riflekta, kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga mbele, na soketi, ukungu unatawanya mwanga, na dereva anayekuja kutoka Segera anapofuka yeye.

Kabla ya yote, mwagia taa maji. Ikitakata ikiwa imelowa, tatizo liko nje, leta msasa. Isipobadilika, ukungu uko ndani: kifuniko cha nyuma kilipotea siku ya kubadilisha balbu, au gundi ya pembeni imeachia. Hapo hata usugue mpaka jogoo awike, ni kazi bure.