Kuvu chini ya mwembe

Wakulima wengi wa maembe huilalamikia kuvu ya Metarhizium, inayotumiwa kuua nzi wa matunda, kwamba haiui papo hapo. Ni kweli. Aliyezoea sumu anataka kuona nzi wameanguka siku hiyohiyo, na kuvu humsubirisha siku kadhaa.

Lakini nzi wa matunda aliyetoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, hashindwi kirahisi kwa kupulizia majani sumu. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Funza huila nyama ya embe huku nje tunda likionekana zima, pengine lina kidoa kidogo tu pale alipotoboa. Sumu itawafikiaje humo? Embe likidondoka, funza hutoka, hujichimbia sentimeta chache udongoni na kugeuka pupa, hatua ya kabla ya kuwa nzi. Kuvu iliyowekwa chini ya mti huwakuta hapo: chembe zake hunata kwenye ngozi ya funza, huchipua, hupenya na kukua mwilini mpaka afe. Aina moja ya kuvu hiyo, ICIPE 69, iliyotokana na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, tayari inauzwa Kenya.

Tukumbuke hasara. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na soko halikufunguliwa tena mpaka 2021. Miaka saba! Mwembe haubadilishwi kila msimu kama mahindi. Mwenye shamba aliendelea kuvuna na kumuuzia dalali kwa bei aliyopangiwa. Na soko hilohilo linalokataa funza hupima pia mabaki ya sumu, kwa hiyo kuongeza dawa si njia ya kutokea. Kuvu ya udongoni haiachi sumu kwenye ganda.

Wenye shaka wana hoja nzito. Jua kali huua chembe za kuvu, udongo mkavu huzidhoofisha, na stoo yenye joto huziharibu kabla hazijafika shambani. Baadhi ya dawa za kuzuia magonjwa ya ukungu kwenye mwembe zinaweza kuiua kuvu yenyewe. Tena nzi huruka: jirani akiacha maembe yaoze chini, kazi yako inapungua thamani. Ndiyo maana kuvu huendana na mitego na kuokota matunda yaliyoanguka, na ndiyo maana maafisa ugani wanapaswa kuifundisha kwa kijiji kizima badala ya kumwachia mkulima mmoja mmoja na muuza pembejeo.