Pima Waya Kabla ya Kununua Betri

Ndani ya mwaka mmoja nilitupa betri mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu naona wenye boti wengi hapa Amu, mji wa Lamu, wakifuata njia ileile: mashine ikikataa kuwaka, mtu anakimbilia dukani.

Boti yangu ni ndogo, ya fiba, ya kuwapeleka watoto Manda na kuvua siku za mapumziko. Jioni moja tulikuwa tukirudi kutoka Pate kwa njia ya Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara. Nilizima mashine penye maji machache tusukume kwa pondo. Nilipotaka kuiwasha tena ikalia tik, tik, basi. Maji yanakupwa, mikoko pande mbili, wanangu wananitazama. Wavuvi waliokuwa wakipita ndio waliotukokota hadi mjini.

Kesho yake nilikuwa tayari kununua betri ya tatu. Mzee mmoja fundi akanizuia: "Ngoja kwanza, mwanangu, nipime." Betri ikasoma volti 12.6, yaani imejaa. Akaniambia nipige stata huku akiitazama mita. Kwenye betri zilibaki volti 11.3, kwenye mashine zilifika 9 tu. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha mashine. Tulipopiga stata, mita ikapanda hadi volti 2. Hapo panatakiwa pasizidi nusu volti. Umeme ulikuwa unapotelea njiani.

Alipoupasua ule waya mnene mweusi unaotoka kichwa hasi cha betri kwenda kwenye mashine, nje mzima kabisa, ndani shaba ilikuwa nyeusi, na mahali pengine unga wa kijani. Maji ya chumvi yalikuwa yamepanda ndani ya ganda lake kama mafuta yanavyopanda utambi.

Tangu siku hiyo sikubali tena waya wa nyumba ndani ya boti. Ule wa uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko, na shaba tupu huliwa na chumvi. Unaofaa ni wa nyuzi nyingi, kila uzi umepakwa bati. Ni ghali zaidi, lakini jumlisha bei ya betri zangu mbili. Na kusokota nyaya kisha kuzungusha tepu si kuunga: tepu huachia kwa joto na kufungia unyevu ndani. Zibanwe kwa kichwa cha waya, zivikwe mpira unaosinyaa kwa moto.

Jambo linalonitia hofu hasa ni fyuzi iliyokatika kuzibwa kwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, na waya uliopata shoti bila fyuzi huwaka mwekundu. Boti ina watu! Fyuzi ikikatika mara mbili, tafuta waya uliochubuka.

Mengine ni kazi ya nusu saa kwa mwezi: kufungua vichwa vya betri, hasi kwanza, kuvisugua na kuvipaka grisi, kuinua boya la pampu ya ngama kwa mkono uisikie ikinguruma. Mashine ikiwa inazunguka, betri isome kama volti 14. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi.

Kusi likianza kuvuma nitabadilisha waya wa pampu pia. Ule nao umeanza kuonyesha kijani.