Boti Iliyo Frii Haijazimwa

"Iko frii, panda tu!"

Kaa Raskazone, ufukweni Tanga, siku ya sikukuu utaisikia kauli hiyo, boti inapomrudia mtu aliyeanguka kwenye skii au wekibodi, yale mabao ya kutelezea majini ukivutwa na boti. Mashine inanguruma taratibu, aliye majini anapapasa nyuma ya boti, na utingo anamnyooshea mkono palepale mashine ilipofungwa. Hapo ndipo ninapochoka. Watu wamevaa maboya, kamba imekaguliwa, nahodha ana akili zake, halafu yote hayo yanaharibiwa na neno moja.

Frii maana yake nini? Kule chini, kwenye mguu wa mashine, kuna gia ya mbele na gia ya nyuma, na kati yake kipande cha chuma chenye meno kinachosogezwa na wenzo. Ukiweka frii, kipande hicho kinakaa katikati bila kung'ata gia yoyote. Lakini gia zenyewe bado zinazunguka ndani ya oili, na oili ikiwa nzito inaweza kuiburuta propela ikawa inajizungukia polepole. Kebo ya gia ikilegea, au ikiliwa na chumvi, kipande hakirudi katikati sawasawa: wenzo unasema frii, propela inakwenda. Na tuseme kila kitu ni kizima. Abiria wanne wamekimbilia upande mmoja kumvuta mwenzao, boti imelala, mmoja anayumba na kushika cha kwanza kilicho karibu. Mara ngapi cha kwanza huwa ni wenzo wa gia?

Propela ya mapanga matatu ikizunguka mara 3,200 kwa dakika inapiga mara 160 kwa sekunde moja. Hakuna binadamu anayewahi kuvuta mguu. Hospitali ya Bombo si mbali na ufukwe, nakubali, lakini mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kuisha damu kabla boti haijageuza.

Kinachozidisha hatari ni kwamba boti nyingi ndogo za faiba hazina ngazi. Mtu amechoka, maboya yanamwinua kifua, mikono haina nguvu, basi anatafuta pa kukanyaga. Anakanyaga lile bamba la mguu wa mashine, juu tu ya propela. Litazame siku mashine imeinuliwa. Ni jembamba, linateleza, na ncha ya panga inapita sentimita chache chini yake. Hiyo ndiyo ngazi tunayowapa watoto wetu. Vipande viwili vya mbao na kamba vinatosha kutengeneza ngazi nzuri. Ifunge ubavuni, mbali na mashine, na vidato viwili, vikifungiwa kitu kizito, vizame ndani ya maji ili goti lipate pa kuanzia.

Manahodha wana jibu lao: "Nikiizima, haiwaki." Ndugu yangu, mashine isiyowaka baada ya kuzimwa haifai kumvuta mtu. Mlango wa pumzi kwenye kizibo cha tangi uwe wazi, la sivyo mafuta hayashuki. Pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta ibanwe mpaka iwe ngumu. Chujio limwagwe maji. Vichwa vya betri visuguliwe ule ukoga wa kijani, plagi zisafishwe. Kisha, boti ikiwa bado imefungwa, iwashe na kuizima mara tatu. Ikikataa mara moja tu, siku hiyo hakuna skii.

Wana hoja moja ya haki: kusi likiamka, boti iliyozimwa inasukumwa, na miamba iko karibu. Kwa hiyo chagua maji mapana kabla ya kuanza, na nanga ndogo ikae tayari mbele. Ukimrudia aliyeanguka, zunguka mbali naye kwa mwendo wa kutembea, kamba imfuate yenyewe. Akitaka kupanda, mwendee ukiukabili upepo, yeye akiwa upande uliokaa wewe ili usimpoteze machoni. Ukimwendea kutoka juu ya upepo, boti yako itamlalia. Zima ukiwa bado mita kadhaa kutoka alipo, mrushie kamba, ajivute mpaka kwenye ngazi. Usirudi nyuma kwa gia hata siku moja, maana unampelekea propela. Wala kuzima si kazi: ile kamba nyekundu ya kuzimia, uliyoiacha ikining'inia kwenye swichi, ifunge kwenye paja lako, uivute. Mashine inanyamaza.

Mengine ni mafupi, ingawa nayo yanaua.

Nahodha hawezi kutazama mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa kilomita 36 kwa saa, kugeuza shingo sekunde tatu ni mita 30 bila macho, na mbele kuna ngalawa isiyo na mashine ya kukukwepa. Awepo mtu mzima wa pili, kazi yake ni kumtazama anayevutwa. Hata simu asishike. Ishara wakubaliane nchi kavu: gumba juu ongeza, gumba chini punguza, mkono shingoni simama. Aliyeanguka akiwa mzima hushika mikono pamoja juu ya kichwa. Asiyetoa ishara afuatwe saa ileile.

Kamba ya nanga ya nailoni haifai. Inazama, inaingia kwenye propela, na inanyumbuka, hivyo mshiko ukiachiwa unarudi botini kama mjeledi. Tafuta kamba inayoelea, mita 23 hivi kwa skii. Ifunge katikati ya nyuma ya boti, si pembeni, na asikae mtu nyuma ya fundo. Mkono usizungushiwe kamba.

Maboya yawe ya sponji yenye mikanda iliyofungwa, si ya kujazwa upepo. Hata anayejua kuogelea avae, kwa kuwa akizimia hatajua.

Na maji. Siku za bamvua bahari ya Tanga hushuka mita tatu na zaidi, na pale palipokuwa salama asubuhi mwamba unakuwa umechungulia. Waulize wavuvi saa ya kupwa. Upana uwe mita 30 kila upande wa boti, kwa sababu anayeteleza huweza kufika karibu na ubavu wako. Jua likizama, kamba inakunjwa.

Kabla ya Idd ijayo, wenye boti wa Raskazone, anzeni na ngazi. Ni mbao mbili, mita chache za kamba, na fundo ambalo kila baharia wa hapa analijua.