Sisimizi wanne kwa mgunga, na ubishi wa nani anaweza kuishi na nani

Kila kiangazi kikikaza na ng'ombe wakianza kuonekana wakila nyasi za kando ya barabara hapa Nairobi, ubishi hurudi ule ule. Kuna wenye wanasema mifugo na wanyama wa pori hawawezi kaa pamoja, nyasi ni moja, huyu akishiba yule analala njaa, wekeni fensi tuachane. Halafu kuna wale wa Mungu aligawa vizuri, kila mnyama na chakula chake. Wanasayansi nao wamebishania hii kitu karibu miaka 90 na hawajamaliza, so tusijifanye ni rahisi.

Wa fensi wako na Gause, Mrusi mmoja. Mwaka wa 1934 alionyesha kwamba ukiweka aina mbili za paramesia, vile vidudu vya seli moja, kwa chombo kimoja na chakula kimoja, aina moja inabaki na ingine inaisha. Tangu hapo ikawa kama sheria, wawili wakitegemea kitu kile kile kwa njia ile ile, mmoja lazima atoke, na ukiona hajatoka basi kuna tofauti hujaiona. Na mara nyingi iko kweli. Huko Laikipia watafiti walichukua mavi ya wanyama wakubwa wakasoma DNA ya mimea iliyo ndani, matokeo yakatoka 2015, na hata nyati na ng'ombe walikuwa wanachagua tofauti, hata punda milia wa kawaida na yule wa Grevy, wenye mtu yeyote angeapa wanakula sahani moja.

Lakini tofauti huwezi kukosa ukiitafuta, na kuipata si kusema ndiyo inawaweka pamoja. 1961 mwanaikolojia Hutchinson aliuliza swali zuri sana: vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, planktoni, maji yamechanganyika, wote wanang'ang'ania mwanga na madini machache, mbona hawajabaki aina moja tu? Na 2001 mwenzake Hubbell, mwenye alikuwa anahesabu miti ya msitu wa Panama, hektari 50 zenye aina kama 300, akaenda mbali zaidi: hebu tuseme wote ni sawa. Kama boda kwa steji, pikipiki ni zile zile, bei ni ile ile, mteja akitokea ni bahati ya mwenye alikuwa karibu.

Inavutia, lakini mimi inaniachia shimo moja. Bahati haijali kama mmebaki wengi au wachache, so aina ikipungua hakuna kitu cha kuirudisha juu. Mwanasayansi mwingine, Chesson, mwaka wa 2000 alipatanisha hizi pande mbili kiasi: kuwa karibu sawa kwa nguvu kunachelewesha mmoja kumalizwa, ila ni tofauti ndizo humpa nafuu aliyepungua. Yaani usiniulize wanakula nini, niambie nini hufanyika kwa aliyebaki wachache.

Sasa cheki ile migunga mifupi ya udongo mweusi wa Kitengela na Laikipia, yenye vifundo vyeusi kwa miiba, upepo ukipita vinapiga mluzi. Sisimizi wanaishi ndani ya hivyo vifundo, mti unawapa asali na wao wanaulinda, gusa tawi uone vile watakutokea. Huko Laikipia kuna aina nne zinazopigania mti huu huu, na kwa kawaida mti mmoja unashikwa na aina moja tu, matawi ya miti miwili yakigusana ni vita na mshindi anachukua yote. Nani mkubwa inajulikana kabisa, kutoka wa kwanza hadi wa nne. Kulingana na Gause ingefaa abaki mmoja, lakini wale wanyonge ni wajanja bana. Wa tatu anatafuna machipukizi ya pembeni ili mti usifikie wa jirani, na wa mwisho anaharibu zile tezi za asali za mti wake mwenyewe, anaufanya usitamaniwe na mtu. Tena malkia wa wanyonge ndio hodari wa kuwahi miti michanga, mwenye nguvu anakuja baadaye kuwapokonya. Hakuna amani hapo. Ni vita vyenye haviishi, na ndiyo maana wote wako.

Ila hata hiyo haisimami yenyewe. Mahali wanyama wakubwa walifungiwa nje kwa fensi miaka 10, miti haikuwa tena na wa kuila, so ikapunguza asali na vifundo vya walinzi, yule sisimizi mlinzi mzuri akapungua na mwingine asiyelinda sana akapanuka. Nani angedhani twiga na ndovu wako ndani ya hesabu ya sisimizi?

Turudi kwa ng'ombe. Odadi na wenzake, 2011, hapo hapo Laikipia, walipata kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe waliolisha pamoja na wanyama wa pori waliongeza uzito kidogo kuliko waliokuwa peke yao, lakini mvua ikinyesha ikageuka, wa pamoja ndio walinenepa zaidi, kwa sababu punda milia na wengine walikuwa wanaondoa mabua makavu na kubakisha nyasi laini. So mwenye fensi ako sawa mwezi wa pili na mwenye kila mnyama na chakula chake ako sawa mwezi wa tano, shida ni kwamba wote wawili hubishana kiangazi, na fensi ikishasimama haiondoki mvua ikirudi.